Wanakunywa kidogo, wanaumia zaidi: ukatili wa wenza, kiwewe na pombe kwa wanawake wa Marekani

Nchini Marekani kuna dhana kongwe kwamba Wenyeji Asilia, yaani watu waliokuwapo kabla ya Wazungu kufika, ni watu wa pombe. Dhana hiyo imeingia mpaka hospitalini, kiasi kwamba mwanamke wa jamii hiyo akifika na jicho lililovimba anaweza kuulizwa amekunywa kiasi gani kabla ya kuulizwa nani amempiga. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona walichambua takwimu za kitaifa wakakuta kuwa takriban asilimia 60 ya Wenyeji Asilia hawakuwa wamekunywa pombe kabisa katika mwezi uliotangulia. Kwa wazungu, waliokaa mwezi mzima bila kunywa walikuwa asilimia 43.

Mwaka huohuo taasisi ya utafiti iliyo chini ya Wizara ya Sheria ilitoa ripoti kuhusu wanawake wa jamii hiyohiyo. Wanawake 84 kati ya kila 100 walikuwa wamewahi kufanyiwa ukatili maishani mwao, na zaidi ya nusu walikuwa wameumizwa mwilini na mume au mpenzi. Hiyo ndiyo hesabu iliyostahili kuzungumzwa miaka yote.

Tofauti za kikabila katika ukatili, kiwewe (jeraha la nafsi linalobaki baada ya tukio la kutisha) na matatizo ya pombe zipo, tena ni kubwa. Lakini anayezitafuta kwenye damu au mila za watu atapotea njia. Zinaonekana wazi zaidi ukimfuatilia mwanamke tangu anapopigwa: anakimbilia wapi, nani anamwamini, na anapoteza nini akisema.

Utafiti wa kitaifa uliofanywa mwaka 2010 na CDC, kituo cha serikali cha kudhibiti magonjwa, uliwauliza wanawake kama waliwahi kupigwa, kubakwa au kuandamwa na mwenza. Kati ya kila wanawake 100, waliosema ndiyo walikuwa takriban 35 kwa wazungu, 37 kwa Walatino (wenye asili ya Amerika ya Kilatini), 44 kwa weusi, 46 kwa Wenyeji Asilia na karibu 54 kwa wenye asili mchanganyiko. Kwa wenye asili ya Asia na visiwa vya Pasifiki walikuwa 20 hivi, na hapo naomba msomaji awe mwangalifu. Mahojiano yalifanywa kwa simu, kwa Kiingereza na Kihispania tu. Mhamiaji anayezungumza Kivietinamu peke yake hakupata nafasi ya kujibu.

Vifo vinasema vivyo hivyo. Kati ya mwaka 2003 na 2014, katika majimbo 18 yaliyochunguzwa na CDC, wanawake weusi waliouawa walikuwa 4.4 kwa kila 100,000 kwa mwaka na Wenyeji Asilia 4.3, ilhali wazungu walikuwa 1.5. Zaidi ya nusu ya mauaji ya wanawake ambayo mazingira yake yalijulikana yalihusiana na ukatili wa wenza.

Kwa upande wa pombe, picha inageuka. Wanawake weusi wasiokunywa kabisa ni wengi kuliko wazungu, na wanaokunywa kwa kawaida huchelewa kuanza. Hata hivyo, tafiti zimerudia kuonyesha kwamba kwa kiwango kilekile cha unywaji, mweusi hupata matatizo zaidi: ugomvi, kazi kuharibika, afya kuzorota, polisi mlangoni.

Kiwewe kina sehemu yake. Aliyeishi na kipigo hulala huku masikio yakiwa wazi. Mlango ukigongwa, moyo unaruka. Pombe humpa saa chache za usingizi, kisha humwamsha usiku wa manane akiwa na hofu kuliko mwanzo, na kesho yake anahitaji kiasi kikubwa zaidi ili apate saa zilezile. Kwa kuwa mwili wa mwanamke una maji kidogo kuliko wa mwanamume, kiasi kilekile cha pombe humlevya zaidi, na madhara kwenye ini humfika mapema. Msongo wa baada ya kiwewe nao huwapata wanawake karibu mara mbili ya wanaume. Uchambuzi mkubwa wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta kwamba Wamarekani weusi ndio waliokuwa na kiwango cha juu zaidi cha tatizo hilo, na kwamba makundi yote yasiyo ya wazungu yalitafuta matibabu kwa nadra kuliko wazungu.

Kwa nini hawaendi? Sisi wahudumu wa afya tuna wajibu wa kulijibu hili bila kuwatupia lawama. Huko Pinellas, Florida, watafiti walipima mkojo wa wajawazito 715 na kuchapisha matokeo mwaka 1990. Waliokutwa na pombe au dawa za kulevya walikaribiana: asilimia 15 hivi kwa wazungu na 14 kwa weusi. Lakini mjamzito mweusi alikuwa na uwezekano mara kumi zaidi wa kuripotiwa kwa mamlaka. Katika hospitali moja ya umma mjini Charleston, South Carolina, wajawazito walipimwa kokeini bila ridhaa yao na majibu yakapelekwa polisi. Waliokamatwa karibu wote walikuwa weusi. Mahakama Kuu ya Marekani ilikataza utaratibu huo mwaka 2001, ila habari hizo zilishawafikia mabinti, wadogo na majirani zao. Mwanamke anayeficha chupa na michubuko kwa pamoja anajua kwamba akisema kimoja anaweza kunyang'anywa watoto.

Kwa Wenyeji Asilia, sheria yenyewe ilimwacha mpigaji atembee. Mwaka 1978 Mahakama Kuu iliamua kwamba mahakama za makabila hazina mamlaka ya kumshtaki kwa jinai mtu asiye Mwenyeji Asilia. Katika ile ripoti ya mwaka 2016, wanawake 97 kati ya 100 waliopata ukatili walikuwa wamefanyiwa angalau mara moja na mtu wa namna hiyo. Bunge lilirudisha sehemu ya mamlaka mwaka 2013 kwa ukatili wa nyumbani, kisha likaipanua mwaka 2022 ikagusa pia ukatili wa kingono. Ni miaka 35 kati ya uamuzi na marekebisho ya kwanza, na watoto walioshuhudia mama zao wakipigwa katika miaka hiyo leo ni watu wazima wenye kiwewe chao.

Hata nyumba salama, zile za kuwahifadhi wanawake wanaokimbia kipigo, zina milango migumu. Mwaka 1991 mwanasheria Kimberlé Crenshaw alieleza habari za mwanamke wa Kilatino aliyekataliwa hifadhi kwa sababu hakujua Kiingereza vizuri. Nyingine hukataa anayekunywa, nazo sehemu za kutibu uraibu mara nyingi hazipokei mama na watoto wake. Anayemtesa anayajua haya yote, na huyatumia: "Nani atakuamini wewe mlevi?"

Kinachosaidia hakihitaji mashine. Mgonjwa aulizwe akiwa peke yake, na asitafsiriwe na mume wala ndugu wa mume. Akisema amekabwa shingo, hiyo ni dharura hata kama hakuna alama: aliyewahi kukabwa na mwenza ana hatari ya kuuawa naye zaidi ya mara saba. Kutamka maneno kwa shida, kuyumba na kusahau huweza kutokana na jeraha la ubongo, kwa hiyo harufu ya pombe isifunge uchunguzi. Anayekunywa sana kila siku asiambiwe aache ghafla akiwa nyumbani, kwani anaweza kupata degedege. Apelekwe kwa wataalamu wamwachishe kwa usalama. Na kiwewe kitibiwe sambamba na pombe. Kumwambia arudi akishaacha kunywa ni kumrudisha kwa aliyempiga.

Mhudumu anayejaza faili aandike maneno ya mgonjwa kama alivyoyasema: "Anasema mume wake alimkaba jana usiku, akaona giza." Asiandike "amelewa, hatoi maelezo," kwa sababu faili hilo linaweza kusomwa mahakamani siku ambayo mwanamke huyo anaomba ulinzi, au siku anayopigania watoto wake.