Tenga kondoo kwanza, mkasi baadaye

Januari ikishika Kinangop, huku nyanda za juu za Kenya, na jua likaanza kukausha umande mapema, simu yangu haipumziki. Kila mfugaji anataka kondoo wake wanyolewe kabla ya mvua za Machi, na hesabu yake ni nzuri. Ukinyoa sasa, sufu inapata wiki kadhaa za kuota kidogo kabla ya matope. Kunyoa Juni au Julai huku juu, katika ukungu na baridi ile, ni kumvulia mtu koti nje usiku wa manane. Wanaofuga Mau Narok wanalijua hili kuliko mimi.

Ninachouliza kwanza kwenye simu ni aina ya kondoo walioko. Idadi nitaiona nikifika. Mara nyingi jibu ni mchanganyiko: Corriedale ndio wengi, Hampshire wawili watatu wenye nyuso nyeusi, Dorper walionunuliwa mnadani, na pengine kondoo mwekundu wa Kimasai ambaye hakuna anayekumbuka alikotoka. Mchanganyiko huu si wa jana. Mwanzoni mwa karne iliyopita Lord Delamere, mlowezi Mwingereza, aliwapandisha kondoo majike wa Kimasai kwa madume wa Merino, aina ya sufu laini, kule Njoro, na damu imeendelea kuchanganyika tangu hapo.

Kwa hiyo kazi ya kunyoa huanza jioni ya siku iliyotangulia, kwa kuwatenga. Wenye sufu nyeupe wakae peke yao, na Dorper na wekundu wakae mbali nao. Dorper alitengenezwa Afrika Kusini miaka ya 1930 kutokana na Dorset Horn na Persian mwenye kichwa cheusi, na lengo lilikuwa nyama. Manyoya yake hupukutika yenyewe, na ndani yake mna nywele ngumu zisizoshika rangi kiwandani. Nywele hizo zikinasa kwenye sufu ya Corriedale, hakuna wa kuzichambua. Nyuzi nyeusi za uso na miguu ya Hampshire huleta hasara hiyo hiyo. Ndiyo maana nanyoa weupe kwanza, wadogo kabla ya wakubwa, Hampshire nyuma yao. Kondoo mwenye jipu chini ya taya au mbele ya bega ananyolewa wa mwisho kabisa, kwa sababu mkasi ukilipasua, usaha unawafikia wengine kupitia mikwaruzo. Baada yake mkasi unaoshwa na kupakwa dawa.

Jioni hiyo hiyo wanyime majani. Muda wa saa 12 bila kula unatosha, na wenye mimba wapunguzie muda. Kondoo aliyeketishwa kwa matako huku tumbo limejaa hupumua kwa shida, hupigana, na mwisho huchafua sufu yenyewe. Walale chini ya paa pia. Kondoo mwenye umande simnyoi, hata kama mwenye shamba amekwisha kunichinjia kuku. Sufu yenye maji hupata joto ndani ya gunia, ikaota ukungu na kubadilika rangi.

Kuna desturi ya kuwafunga miguu yote minne kwa kamba. Siipendi. Aliyefungwa hujikaza mwili mzima na kurusha miguu kwa ghafla, na hapo ndipo ngozi hukatika. Mshike chini ya kidevu, mkono mwingine kiunoni, mgeuze kichwa kuelekea ubavuni, mrudishe nyuma aketi kwa matako, mgongo wake ukiegemea magoti yako. Kwato zikikosa ardhi, wengi hutulia. Usimvute kwa manyoya kamwe, nyama ya chini yake huvilia damu. Mimi huvua gambuti kwa kazi hii na kuvaa viatu laini, maana magoti na miguu ndiyo inayomshika kondoo wakati mikono inanyoa.

Mpangilio ni ule uliosambazwa na ndugu wawili wa ukoo wa Bowen, wanyoaji wa New Zealand: tumbo kwanza, mapaja ya ndani, mguu wa nyuma wa kushoto, shingo, bega, mikupuo mirefu ya mgongoni, kisha ubavu wa kulia. Chuchu za jike zifunikwe kwa kiganja, na kwa dume angalia uume.

Sasa aina. Corriedale, mzao wa Merino na Lincoln kutoka New Zealand, ndiye wa kujifunzia: ngozi yake imenyooka na sufu hutoka kama shuka moja. Merino ana mikunjo shingoni na ngozi nyembamba, kwa hiyo mkono wa kushoto unakaza ngozi muda wote na mkasi unakwenda polepole. Hampshire ana nguvu na sufu fupi iliyobanana, hadi kichwani, mtafutie msaidizi. Kondoo wa Kimasai mwachie manyoya yake. Dorper pia, isipokuwa chotara ambao huku kwenye baridi hawapukutishi vizuri na kubaki na mabonge. Hao nawapunguzia nyuma na kuzunguka mkia, nzi wasitage hapo.

Watu huniuliza kwa nini sijahamia mashine kabisa. Ina kasi, sikatai, lakini hukata karibu sana na ngozi. Mkasi wa mkono huacha sufu kidogo mwilini, na Kinangop kidogo hicho kina maana usiku.

Pitisha mkasi mara moja. Ukirudia palepale unapata vipande vifupi visivyosokoteka, na mnunuzi huviona kwa kufungua tu. Sufu ya tumbo na yenye kinyesi iwekwe kando. Iliyobaki kunja pande ziingie ndani, viringisha kutoka mkiani hadi begani, upande uliokatwa ukae nje. Gunia liwe la pamba. Yale ya plastiki tunayotilia viazi humomonyoka nyuzi, na nyuzi hizo huharibu mzigo mzima.

Majeraha yapakwe dawa papo hapo, na chanjo ya pepopunda izungumzwe na daktari wa mifugo mapema, kabla sijafika. Waongezewe chakula wiki hiyo na wapate paa usiku. Josho lisubiri wiki mbili hadi nne, vidonda vifunge.