Dhana potofu kuhusu kujenga maktaba ya umma, na ukweli wake Kisumu

Dhana: Maktaba ni mahali pa kunyamaza.

Hii huharibu michoro mingi hata kabla ya msingi kuchimbwa. Ukweli ni kwamba kimya ni haja ya baadhi ya wasomaji tu, na kazi ya msanifu ni kukitengea chumba chake. Kelele ziwekwe karibu na mlango: kaunta, magazeti, meza za mazungumzo, kona ya watoto jirani na vyoo. Kadiri unavyoingia ndani sauti ipungue, mpaka chumba chenye mlango mzito anamojisomea mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Maktaba ya Oodi, Helsinki, iliyofunguliwa Desemba 2018, imejipanga kwa ghorofa: chini watu wanakutana na kula, katikati wanashona kwa cherehani na kurekodi muziki, juu ndiko kwenye vitabu.

Kisumu tuna la ziada, mvua ya alasiri. Ikianza kupiga mabati yasiyo na dari, hata mwalimu darasani huacha kufundisha akangoja. Kibao cha NYAMAZA hakisaidii kitu hapo. Dari yenye tabaka la kufyonza sauti si anasa, na inapunguza joto pia.

Dhana: Jengo la kisasa ni la vioo.

Hili linanikera kidogo. Ikweta inapita Maseno, kilomita kama 25 kutoka mjini, kwa hiyo jua la asubuhi na la jioni huingia chinichini kwenye madirisha ya mashariki na magharibi. Ukisimamisha ukuta wa kioo upande wa magharibi ili watu waone ziwa, ikifika saa kumi meza za upande huo hazina mtu, na majalada ya vitabu yameanza kupauka. Jengo lilazwe mashariki kwa magharibi, madirisha yatazame kaskazini na kusini, paa litokeze vya kutosha.

Chini ya paa hilo utapata baraza karibu bure. Weka viti vya saruji, taa na soketi za kuchajia simu. Hapo atakaa anayengoja mvua ipite, mzee mwenye gazeti, na yule kijana anayeona haya kuingia kwa sababu hajui ataulizwa nini mlangoni. Akizoea baraza, ataingia.

Dhana: Simu imemaliza kazi ya maktaba.

Simu haina meza. Bando huisha, stima hupotea, na nyumba ya chumba kimoja yenye watu watano haina pembe ya kusomea.

Dhana: Ukikaribisha vyama na mikutano, vitabu vitafukuzwa.

Vitafukuzwa ukipanga vibaya. Ukumbi uwe na mlango wake wa nje na choo chake, ili chama kikutane Jumamosi jioni huku sehemu ya vitabu imefungwa na mkutubi yuko kwake. Rafu za katikati ziwe fupi, zenye magurudumu, zisukumwe kando panapohitajika nafasi. Zile ndefu zibaki ghorofa ya chini: viwango vya uhandisi vya Marekani huhesabu sakafu ya rafu za vitabu kubeba uzito mara 2.5 ya ule wa chumba cha kusomea, na sakafu ya juu yenye nguvu hizo inagharimu saruji na chuma nyingi.

Dhana: Mambo ya maktaba huamuliwa Nairobi.

Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 linazitaja maktaba miongoni mwa kazi za kaunti. Kwa hiyo pa kusemea ni vikao vya wananchi kuhusu bajeti ya kaunti, tena kabla mchoro haujakamilika, maana ukuta ukishapanda utaambiwa pesa zimekwisha. Mama mboga wa Kondele na vijana wa bodaboda waulizwe, mambo yasiachiwe wasomi peke yao. Na swali la kwanza liwe saa za kufunga. Maktaba inayofungwa saa kumi na moja, mfanyabiashara wa soko la Kibuye ataiona kwa nje tu.