Je, wajua kwa nini Windows zilianguka Julai 19, 2024 na Mac zikaendelea na kazi?

Ijumaa ile, watu waliokuwa na safari za ndege Marekani, miadi ya daktari Uingereza au shughuli za benki Australia waliambiwa wasubiri: kompyuta zimegoma. Microsoft ilikadiria kuwa mashine milioni 8.5 za Windows ziliathirika. Hizo hazifiki hata asilimia 1 ya Windows zote duniani, lakini zilikuwa za mashirika makubwa. Shirika la ndege la Delta peke yake lilifuta safari kama 7,000 kwa siku chache.

Mac zenye programu ile ile ya ulinzi iliyoziangusha Windows hizo, Falcon ya kampuni ya CrowdStrike, hazikutikisika. Seva za Linux, mfumo endeshi mwingine, vilevile. Basi mashabiki wa Mac wakapata la kusema: Windows ni bovu, tulishawaambia. Mambo hayakuwa mepesi hivyo.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo ajabu. Saa 1:09 asubuhi, kwa saa za Afrika Mashariki, CrowdStrike ilituma faili jipya la kuisaidia Falcon kutambua mbinu za wadukuzi. Faili hilo liliitaka programu iangalie kipengele cha 21, ilhali programu ilikuwa na vipengele 20 tu. Ikaenda kusoma kwenye memori mahali ambapo hapakuwa pake.

Makosa ya namna hiyo hutokea kila siku. Kivinjari chako kikikosea hivyo, kinajifunga, unakifungua tena, maisha yanaendelea. Safari hii tatizo lilikuwa ni wapi kosa limetokea.

Kila mfumo endeshi una kiini, sehemu inayogawa memori na kuongoza diski, na nje yake ndiko zinakoishi programu za kawaida. Mpaka kati ya pande hizo mbili unalindwa na kichakata chenyewe. Programu ya nje ikivuruga, kiini kinaizima yenyewe tu. Kikivuruga kiini, hakuna tena wa kukisimamia, kwa hiyo Windows inasimamisha kila kitu makusudi kabla data hazijaharibika. Hiyo ndiyo skrini ya bluu. Inatukanwa sana, lakini kazi yake ni kuzuia hasara isizidi.

Sasa, draiva ya Falcon (programu ndogo inayoingia kwenye mfumo endeshi kuuongezea uwezo) ilikuwa ndani ya kiini, tena ilipangwa kuwaka mwanzo kabisa, ili kirusi kisiitangulie. Kwa hiyo mashine ikiwashwa, draiva inasoma faili lile bovu, mashine inaanguka, inajiwasha upya, inaanguka tena. CrowdStrike iliondoa faili hilo saa 2:27, dakika 78 baadaye, lakini mashine isiyoweza kuwaka itapokeaje marekebisho? Mafundi wakalazimika kuzipitia moja moja: washa kwa hali salama, fungua folda ya CrowdStrike ndani ya System32, futa faili linaloanza na C-00000291, washa upya. Zilizofungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda diski, zilidai kwanza ufunguo wa tarakimu 48, kila mashine na wake.

Faili hilo lilikuwa la Windows tu, ndiyo maana wengine walipona siku ile. Linux haina haja ya kujigamba: miezi michache tu kabla, Red Hat, kampuni inayotoa Linux kwa mashirika, iliwatahadharisha wateja wake kwamba Falcon inaangusha kiini cha toleo lao jipya. Mac ndiyo yenye kinga ya kweli, na kinga hiyo ilitokana na uamuzi. Mwaka 2019, kwa toleo la mfumo wa Mac liitwalo Catalina, Apple ilianza kuwatoa ndani ya kiini watengenezaji wa programu za ulinzi na kuwakalisha barazani: wanamwona kila anayeingia na kutoka, ila vyumbani hawafiki. Programu yao ikianguka, inaanguka peke yake.

Kwa nini Microsoft haikufanya hivyo? Msemaji wake alitaja makubaliano ya 2009 na Tume ya Ulaya, yanayoitaka iwape washindani nafasi ile ile inayojipa yenyewe. Mimi sababu hiyo hainitoshi. Usawa ungepatikana pia kwa kuitoa nje Defender, programu yake yenyewe ya ulinzi.

Naona sababu kubwa zaidi ni tabia ya Windows, na ndiyo inayofanya ofisi ziipende. Printa ya zamani, mashine ya alama za vidole, programu ya uhasibu ya miaka 15 iliyopita: unasakinisha draiva, vinafanya kazi. Na draiva nyingi huingia moja kwa moja kwenye kiini. Apple haina simile hiyo. Catalina hiyo hiyo ilikataa kufungua programu zote za biti 32, yaani za mtindo wa zamani, na aliyekuwa akizitegemea akajijua mwenyewe.

Mwaka 2025 Microsoft ilianza kuwapa watengenezaji wa programu za ulinzi jukwaa la majaribio la kufanyia kazi nje ya kiini. Skrini ya bluu nayo imebadilishwa kuwa nyeusi. Draiva za vifaa vingi bado zinaingia kama zamani, na hata programu za kulinda michezo ya kompyuta, mfano Vanguard ya Riot Games, zimo mle ndani zikiwasaka wachezaji wanaodanganya.