Unakata Lini? Swali la Kwanza kwa Mwenye Shamba la Malisho

Ukitaka kujua malisho yako yana thamani gani, usianzie shambani. Anzia horini, asubuhi, kabla hujaweka chakula kipya. Tazama kilichobaki. Ukikuta mashina matupu, majani yake yote yameliwa, ng'ombe amekwisha kukupa majibu ya maabara bila malipo: sehemu ya jasho lako la kupanda, kupalilia na kubeba imegeuka matandiko ya banda.

Wafugaji wanaotujia kwa ushauri huuliza kwanza mbegu gani inazaa sana, kisha mbolea gani iwekwe. Ni maswali ya maana, nami nitagusia. Lakini kabla ya kujibu huwa nauliza: unakata lini?

Nyasi changa ni majani mengi na shina kidogo. Kadiri zinavyokua, shina hurefuka na mmea huliimarisha kwa lignini, kitu kigumu ambacho bakteria wa tumbo la kwanza la mnyama anayecheua hawawezi kukivunja. Mzigo unazidi kuwa mkubwa, kinachomeng'enyeka kinapungua. Matete, ambayo wengine huyaita mabingobingo, yakikatwa yakiwa na kimo cha mita moja hivi huwa na protini ya asilimia 8 hadi 10 ukihesabu uzito bila maji. Ukiyaacha yafike mita mbili na kuendelea, yanaweza kushuka chini ya asilimia 7. Hapo ndipo penye kasheshe. Bakteria wale nao wanahitaji nitrojeni, iliyomo kwenye protini, ili waishi. Wakiikosa wanazorota, chakula kinakaa tumboni muda mrefu, na mnyama anapunguza kula. Kwa nje anaonekana ameshiba, kumbe tumbo limejaa na maziwa hayapo.

Si kwamba ukate mapema uwezavyo. Ukiyakata matete kila yanapofika magotini, unamaliza akiba iliyo mizizini, na baada ya misimu michache mashina yanayochipua ni machache, magugu yanajaza nafasi. Isitoshe, matete machanga ni maji kwa zaidi ya asilimia 80. Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji takriban kilo 12 za chakula kwa siku ukiondoa maji. Kwa matete pekee hiyo ni zaidi ya kilo 60 za mabichi. Mpe maji-maji tu uone kama atafika. Mvua ikiwapo, mwachano wa wiki 6 hadi 8 unatosha, ila mimi naamini kimo kuliko kalenda, kwa sababu ukame haujui tarehe. Acha kisiki cha sentimita 5 hadi 10 na utumie panga kali. Kisiki kilichochanika huoza. Lusini (alfalfa, mmea wa jamii ya mikunde) ikatwe maua yanapoanza, tuseme shina moja kati ya kumi limechanua.

Mtama ndio unaoikataa kanuni hii ya uchanga. Ukiwa chini ya sentimita 60, au ukichipua upya baada ya ukame, unaweza kuwa na sumu ya sayanaidi ya kuua ng'ombe kwa muda mfupi. Huo usubiri.

Sasa mbolea. Piga hesabu hii mwenyewe: protini ina nitrojeni kama asilimia 16. Shamba lililotoa tani 10 za malisho makavu yenye protini ya asilimia 10 limetoa kilo 160 za nitrojeni. Zimekwenda bandani. Zisiporudi, mavuno ya mwaka unaofuata yatakuambia. Rudisha samadi, na uifukie kwenye mitaro kati ya mistari siku hiyohiyo, kwa sababu ikianikwa juani sehemu ya nitrojeni hupotea hewani; ile harufu kali inayochoma pua ndiyo nitrojeni yenyewe inakuaga. Mbolea ya dukani igawanye kidogo kidogo baada ya kila mkato, ardhi ikiwa na unyevu.

Njia ya nafuu zaidi ni kupanda jamii ya mikunde pamoja na nyasi. Desmodiamu hutambaa vizuri kati ya mistari ya matete na kubana magugu. Kujua kama mikunde inafanya kazi yake, chimba mmea mmoja taratibu (ukiung'oa tu, vinundu vya mizizini, wanamoishi bakteria wanaotengeneza nitrojeni, vinabaki udongoni), kisha pasua kinundu kwa ukucha. Ndani kukiwa na wekundu wa waridi, kinatengeneza nitrojeni. Kikiwa cheupe au kijani, hakifanyi kitu. Huenda mbegu ilipandwa bila bakteria hao. Tahadhari mbili: lusini mbichi yenye umande usimpe mnyama mwenye njaa, itamvimbisha tumbo, na majani ya lusina (mti wa malisho, si lusini) yasizidi theluthi ya chakula chote, kwani yana sumu ya mimosini.

Ubora mwingi hupotea baada ya kuvuna. Hei, yaani malisho yaliyokaushwa, ikifungwa ikiwa mbichi huota ukungu, na yaweza kupata joto hadi ikawaka yenyewe. Ukiwa na shaka, katakata konzi ya hei, itie kwenye chupa kavu yenye mdomo mpana pamoja na kijiko cha chumvi kavu, funika, tikisa dakika mbili. Chumvi ikishikamana, ianike tena.

Kwa saileji, yaani malisho mabichi yanayochachushwa bila hewa ili yahifadhike, mahindi yakatwe punje ikiwa kama unga uliokandwa, si maziwa matupu. Matete yanyaushwe kwanza nusu siku au siku nzima, kisha yaongezwe molasi, maana sukari yake ni kidogo na bakteria wa kuchachusha wanaitaka. Katakata vipande vya sentimita 2 hivi. Chukua konzi, ikamue kama nusu dakika, achia. Maji yakichuruzika, bado ni mabichi mno. Donge likisambaratika papo hapo, yamekauka kupita kiasi na hewa haitatoka. Likifunguka polepole, shindilia, safu baada ya safu, hadi mguu usizame, kisha funika pasibaki pa kupita hewa. Baada ya wiki 4 fungua upande mmoja tu, na kila siku uchote ukikata wima kutoka juu hadi chini. Penye ukungu ondoa na utupe mbali na mifugo. Usipachanganye na palipo pazuri.