Sumaku ya Mnunuzi wa Vyuma Chakavu na Umati wa Elektroni

Mnunuzi wa vyuma chakavu pale Katwe, Kampala, hahitaji maabara ili kujua anachouziwa. Hutoa sumaku mfukoni, akaigusisha kwenye kipande alicholetewa, na kabla bei haijatajwa amekwisha kutenga chuma upande mmoja, shaba na alumini upande mwingine. Tukimwuliza kwa nini sumaku inakishika chuma na kuiacha shaba, huenda akajibu kwamba ndivyo vilivyoumbwa. Jibu hilo halikuachwa mbali sana na lile la wanafizikia wa karne ya 19, kwani wao walijua kuipima nguvu ya sumaku kwa usahihi mkubwa lakini hawakuwa na njia ya kueleza inakotoka. Niels Bohr mwaka 1911, na baada yake Hendrika van Leeuwen mwaka 1919, walionyesha kwamba kanuni za zamani za mwendo na umeme, zikifuatwa kikamilifu hadi mwisho wake, hazitoi usumaku wowote katika kitu kilichotulia katika halijoto yake. Kwa kanuni hizo peke yake, sumaku ya mnunuzi wetu isingekuwapo.

Swali hili linapoulizwa katika mihadhara ya wazi, mara nyingi hujibiwa kwa haraka kwamba ndani ya chuma mna sumaku ndogondogo ambazo zimejipanga zikielekea upande mmoja. Jibu hilo si la uongo, ila linaliruka fumbo lenyewe: ni nini kinachozipanga? Mtu husikia neno "sumaku ndogondogo" akadhani kwamba zinavutana zenyewe kwa zenyewe, kama zile za kuchezea zinavyofanya mezani. Hapo ndipo kosa linapoingia, na makala haya yameandikwa hasa kwa ajili ya kulirekebisha.

Tuanze na hiyo sumaku ndogo. Kila elektroni, pamoja na uzito wake na chaji yake ya umeme, ina tabia ya tatu inayoitwa spini. Mwaka 1922, mjini Frankfurt, Otto Stern na Walther Gerlach waliyeyusha fedha katika tanuri dogo, wakaupitisha mvuke wake mwembamba katikati ya ncha za sumaku zilizochongwa makusudi ili nguvu yake isiwe sawa kila mahali, kisha wakautua kwenye kioo. Kwa mawazo ya zamani, atomu zile zingetapakaa kiooni kama vumbi, kwa kuwa kila moja ingekuwa imeelekea upande wake. Badala yake ziligawanyika makundi mawili, pasipo kitu katikati. Wenyewe walidhani wamethibitisha nadharia nyingine iliyokuwa ikisifiwa wakati huo. Ni miaka mitatu baadaye, mwaka 1925, ambapo vijana wawili wa Uholanzi, George Uhlenbeck na Samuel Goudsmit, walitoa wazo la spini, na maana halisi ya yale makundi mawili ikaonekana.

Jina lenyewe limetokana na kuzunguka, na wengi huifananisha spini na pia, kile kichezeo cha watoto kinachozungushwa. Mfano huo unafaa kwa dakika ya kwanza tu. Pia hiyo huchoka ikalala, lakini spini ya elektroni haipungui wala haiongezeki, na ukiipima kwa upande wowote utakaouchagua, utapata mojawapo ya majibu mawili tu, juu au chini. Tena, kama elektroni ingekuwa mpira mdogo wa ukubwa ambao nadharia ya zamani iliukadiria, basi ili kuipata spini hiyo uso wake ungelazimika kukimbia zaidi ya mara 100 ya mwendo wa mwanga, jambo lisilowezekana. La kustaajabisha zaidi ni kwamba chembe ya namna hii ikigeuzwa mzunguko mmoja kamili wa digrii 360 haijarudi ilikotoka. Maelezo yake ya kihesabu yamebadilika alama, kutoka jumlisha kuwa toa, na sharti igeuzwe mizunguko miwili ndipo irudi. Mwaka 1975 jambo hili lilithibitishwa kwa vipimo vya nyutroni, ambazo zina spini ya aina hiyo hiyo. Kwa hiyo tunaposema spini tusione kitu kinachozunguka. Tuichukue kuwa ni mali ya asili ya chembe, kama chaji ilivyo.

Sasa turudi kwenye kosa letu. Tukiikokotoa nguvu ambayo atomu mbili jirani ndani ya chuma huvutana kwa usumaku wao tu, tunapata kwamba nguvu hiyo ingevurugwa na joto la takriban kelvini 1, yaani baridi kali karibu na sifuri halisi, baridi isiyoweza kuzidiwa. Lakini chuma hubaki kinashikika kwa sumaku hadi kelvini 1043, sawa na nyuzi 770 za selsiasi, ambapo mhunzi akikitoa kwenye makaa hukiona kimewiva kwa wekundu. Tofauti ya mara elfu moja haiwezi kuwa kosa dogo la hesabu. Kinachozipanga spini za chuma ni kitu kingine kabisa, na kitu hicho si usumaku.

Ni umeme, ukisaidiwa na jambo ambalo halina mfano katika maisha ya kila siku: elektroni mbili hazina tofauti yoyote. Mapacha wanaofanana kama shilingi kwa ya pili bado mama yao huwatambua, na kama si yeye, basi mmoja ana kovu au amezaliwa wa kwanza. Elektroni hazina kovu wala uzawa. Ukizibadilisha mahali, hakuna kipimo kitakachojua kwamba zimebadilishwa, na hesabu ya kwanta, yaani fizikia ya chembe ndogo kabisa, hudai kwamba maelezo ya jozi hiyo yabadilike alama tu kila zinapobadilishana. Dai hilo linaloonekana dogo lina matokeo makubwa, kwa sababu kama elektroni mbili zingekuwa katika hali moja ileile, kuzibadilisha kusingebadilisha chochote, na kitu pekee ambacho ni sawa na kinyume chake ni sifuri. Hali ya namna hiyo haipo. Hii ndiyo kanuni aliyoitoa Wolfgang Pauli mwaka 1925. Kuna jamii nyingine ya chembe, fotoni za mwanga zikiwa miongoni mwao, ambazo hazibadilishi alama na hupenda kukaa pamoja. Kanuni za hesabu yao zilianzia Dhaka mwaka 1924 kwa Satyendra Nath Bose. Hao tuwaache, kwa kuwa kisa chetu ni cha chuma.

Chukua elektroni mbili zenye spini za upande mmoja. Kwa kanuni ya Pauli haziwezi kukutwa mahali pamoja, hivyo hukwepana. Chaji zao ni za aina moja na kwa hiyo husukumana, na kadiri zinavyokwepana ndivyo nishati ya kusukumana inavyopungua. Zile zenye spini za pande tofauti hazina sharti hilo, hukaribiana zaidi, na hulipa gharama kubwa zaidi ya umeme. Matokeo yake ni kwamba spini huonekana kana kwamba zinapendelea kuelekea upande mmoja, ingawa hakuna inayoivuta mwenzake. Kilichopo ni nguvu ya umeme, ambayo ni kubwa mno kuliko ya usumaku, ikipitia mlango wa Pauli. Werner Heisenberg aliueleza mwingiliano huu mwaka 1928, na wanafizikia huuita mwingiliano wa ubadilishanaji.

Msomaji makini atauliza: ikiwa ni hivyo, mbona shaba haishikiki, nayo ina elektroni? Ni kwa sababu kuelekea upande mmoja nako kuna gharama. Elektroni zenye spini moja haziwezi kugawana ngazi moja ya nishati, kwa hiyo baadhi hulazimika kupanda ngazi za juu. Katika shaba, tabaka la ndani ambalo lingeweza kubeba usumaku limejaa, na elektroni zilizobaki zimetawanyika katika ngazi zilizoachana sana, hivyo gharama ya kupanda hushinda faida. Katika chuma, kobalti na nikeli tabaka hilo halijajaa, na ngazi zake zimebanana, hivyo faida hushinda. Migodi ya Kilembe, kule Kasese, ilitoa shaba na kobalti kutoka mwamba uleule wa Rwenzori. Katika jedwali la elementi kobalti na shaba zimetenganishwa na nikeli peke yake, na atomu ya shaba imezidi ya kobalti kwa elektroni 2 tu. Hata hivyo kobalti hushika usumaku hadi juu ya nyuzi 1,100 za selsiasi, ilhali shaba haina habari.

Mfano ninaoupenda zaidi, lakini, uko jikoni. Masinki na sufuria nyingi za chuma kisichoshika kutu zina chuma takriban asilimia 70, kromi asilimia 18 na nikeli asilimia 8. Chuma na nikeli, kila kimoja kikiwa peke yake, hushikwa na sumaku. Lakini vikichanganywa hivyo, na atomu zikapangika kwa umbo jingine, sumaku huteleza kama juu ya kioo. Atomu za chuma ni zilezile. Kilichobadilika ni majirani na nafasi zao. Mtu akitafuta usumaku ndani ya atomu moja moja atazunguka bila kufika, kwa sababu haumo humo; umo katika mapatano ya wengi.

Na wengi hao ni wengi kweli. Gramu moja ya chuma ina atomu zipatazo 10,000,000,000,000,000,000,000. Spini moja ina majibu mawili, mbili zina mipangilio minne, tatu minane, na kila ukiongeza moja hesabu hujizidisha mara mbili. Kompyuta ikitakiwa kuandika hali kamili ya spini 30 itahitaji namba zaidi ya bilioni 1, takriban gigabaiti 17 za kumbukumbu, kiasi ambacho kompyuta nzuri ya mezani hukimudu. Kwa spini 50 zinahitajika gigabaiti milioni 18. Kwa spini 300 idadi ya mipangilio huizidi idadi inayokadiriwa ya atomu zote katika ulimwengu tunaoweza kuuona, na hapo hatujaifikia hata chembe ya kutu.

Ndiyo maana fani hii husonga kwa kurahisisha kwa busara. Wilhelm Lenz alimpa mwanafunzi wake Ernst Ising tatizo la spini zinazoelekea juu au chini tu, kila moja ikimsikiliza jirani yake peke yake. Mwaka 1925 Ising alionyesha kwamba zikipangwa mstari mmoja haziwezi kupatana katika halijoto yoyote iliyo juu ya sifuri halisi. Sababu yake ni rahisi: katika mstari, jirani mmoja akikataa kumfuata mwenzake, wote walio nyuma yake wanaweza kugeuka bila gharama ya ziada, kama ujumbe unaopitishwa kwa midomo katika foleni ndefu ambamo kosa moja hupotosha wote waliosalia. Ising akakisia kwamba ndivyo itakavyokuwa hata katika vitu halisi, na hapo alikosea. Rudolf Peierls alieleza mwaka 1936 kwamba spini zikitandazwa kama mkeka, kundi la waasi lina mpaka wa kuuzunguka, na mpaka huo hugharimu nishati zaidi kadiri kundi linavyokua. Joto likiwa dogo, kundi hilo humezwa na walio wengi. Mwaka 1944 Lars Onsager alilikokotoa tatizo la mkeka huo kwa ukamilifu, akapata halijoto yenyewe ambapo mapatano huvunjika. Mpaka leo hakuna aliyefanikiwa kufanya hivyo kwa spini za Ising zilizopangwa kwa urefu, upana na kina, na hutumiwa kompyuta.

Kuna umati mwingine wa spini ambao haupatani kamwe, nao umo ndani yetu. Viini vya hidrojeni katika maji ya mwili, yaani protoni, navyo vina spini, lakini viko mbali mno kwa mwingiliano wa ubadilishanaji kuvifikia. Mgonjwa akiingizwa katika mashine ya picha za sumaku (MRI) yenye nguvu ya tesla 1.5, protoni zinazoelekea upande wa sumaku huwazidi wenzao kwa takriban 5 tu katika kila milioni. Wachache hao ndio wanaopiga picha. Kwa kuwa milimita moja ya ujazo ya maji ina protoni nyingi mno, ziada hiyo ndogo bado ni mamia ya trilioni, na zikitikiswa kwa mawimbi ya megahezi 64 hujibu kwa sauti inayosikika kwa antena. Redio za FM za Kampala huanzia megahezi 88, kwa hiyo mashine hiyo husikiliza chini kidogo ya hapo.

Mwaka 2022, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, watafiti wa Uganda na wenzao wa ng'ambo waliunganisha papo hapo mashine ndogo ya aina hii, yenye takriban militesla 50, yaani tesla 0.05, ikikusudiwa watoto wachanga wanaojaa maji kichwani. Kwa nguvu hiyo ziada ya protoni hushuka hadi chini ya 2 katika kila milioni 10, na mawimbi yake hushuka hadi karibu megahezi 2. Haihitaji heliamu ya kimiminika ya kupozea wala umeme mwingi, kwa kuwa uga wake hutoka kwenye sumaku ndogo nyingi za neodimi, chuma na boroni zilizopangwa kwa duara. Hapo umati unaopatana huushikilia umati usiopatana mpaka ujibu. Lakini mapatano hayo nayo hulegezwa na joto: sumaku za neodimi hupoteza takriban sehemu 1 katika 1,000 ya nguvu yake kwa kila nyuzi 1 ya selsiasi, hivyo chumba kikipata joto kuanzia asubuhi hadi alasiri, mwendeshaji wa mashine kama hii hulazimika kuitafuta upya sauti ya protoni, kilohezi 2 na kidogo chini kwa kila nyuzi moja.