Kukumbuka hakuchemshi bongo

Nimeulizwa tena: "Haya, chemsha bongo! Mnara wa Eiffel ulikamilika mwaka gani?" Nikajibu 1889, nikapigiwa makofi, nikaitwa kichwa. Kichwa wapi? Mwaka huo niliusoma nikiwa mdogo, ukakaa, na siku hiyo ukatoka. Kabati likifunguliwa hutoa vikombe, na sijasikia mtu akilisifia akili.

Chemsha bongo ni swali ambalo jibu lake hupatikana kwa kufikiri. Unachohitaji kimo ndani ya swali lenyewe, au ni jambo ambalo kila mtu analijua tayari. Kilichobaki ni kulipanga. Swali la Eiffel ni la maarifa ya jumla. Unajua au hujui, na ukikesha unalifikiria hakuna mwaka utakaokujia.

Jina lenyewe limeshasema haya, tungelisikiliza. Chemsha imetokana na chemka, kama amsha ilivyotokana na amka na angusha na anguka. Ile k ikigeuka kuwa sh, jua kuna mtendaji: maji hayakuchemka yenyewe, yupo aliyewasha moto akasubiri. Na bongo ni ubongo uliodondosha u yake. Kisarufi ni wingi tu, kama kuta za ukuta, lakini mitaani neno hilo lilijipatia maisha yake. Likawa akili, hasa ile akili ya kujipatia riziki, hadi Dar es Salaam ikaitwa Bongo kwa kuwa bila hiyo huishi mjini, na baadaye nchi nzima ikarithi jina. Yaweke maneno hayo mawili pamoja, unapata amri: washa moto chini ya akili yako. Na kuchemsha huchukua muda. Kuna ubaridi, kuna uvuguvugu, kuna kutokota, ndipo kifuniko kinaanza kucheza. Kukumbuka hakupiti huko kote. Jibu linakuja papo hapo, au linakaa kwenye ncha ya ulimi likikucheka.

Wengi tuliisikia ile ya mtu mwenye chui, mbuzi na majani anayetaka kuvuka mto. Mtumbwi unambeba yeye na kimoja tu kati ya hivyo vitatu. Akimwacha chui na mbuzi, mbuzi ameliwa; akimwacha mbuzi na majani, majani yamekwisha. Hakuna cha kukariri hapo. Unaanza na mbuzi, kwa sababu chui hali majani, halafu unakwama ng'ambo ya pili, maana kila utakachompelekea mbuzi kitaleta balaa. Moto unakolea hapo, mpaka upate wazo la kumrudisha mbuzi ulikomtoa. Mara saba mtumbwi unakata maji na wote wanafika salama. Swali hili ni kongwe kuliko tunavyodhani: limo, likiwa na mbwamwitu, mbuzi na kabichi, katika mkusanyiko wa Kilatini unaohusishwa na msomi Alcuin wa York, aliyefariki mwaka 804. Mkusanyiko huo uliitwa wa kunoa akili za vijana. Wao walinoa, sisi tunachemsha. Kukumbuka hakumo kwenye jina la yeyote kati yetu.

(Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kuliita swali la Eiffel kitendawili. Hapo nachoka. Kitendawili huitikiwa "tega", na kinachotegwa ni picha: nyumba yangu haina mlango, nawe uone yai. Mwaka 1889 haujifichi nyuma ya picha yoyote.)

Sisemi mada ndiyo inayoamua. Chukua mnara huohuo, uulize kwa nini siku za joto kali huwa mrefu kidogo kuliko wakati wa baridi. Hata asiyewahi kuusoma popote anaweza kufika: ni wa chuma, chuma kikipata joto hutanuka, na chuma kingi namna hiyo kikitanuka, urefu unaongezeka kwa sentimita kadhaa, hadi kama 15 hivi. Hiyo ni chemsha bongo halali. Au muulize mtu jogoo akitaga yai juu ya paa litabingirikia upande gani. Atahangaika na upepo na mteremko kabla hajastuka kwamba jogoo hatagi. Lakini pweza ana mioyo mingapi? Mitatu, na hakuna hoja itakayokufikisha kwenye tatu kama hujaambiwa. Kwamba ndizi, kwa mtaalamu wa mimea, iko kundi moja na zabibu na nyanya ilhali stroberi haimo: umeambiwa au hujaambiwa. Kwamba Beethoven, mtunzi wa muziki, alikuwa kiziwi simfonia yake ya tisa ilipopigwa mara ya kwanza mwaka 1824, vivyo hivyo. Swali la twiga ndilo linanipa shida kulipangia. Ana mifupa mingapi ya shingo? Saba, sawa na mimi na wewe. Ajuaye kwamba karibu mamalia wote wana saba atalitatua kwa kufikiri, na aliyelikariri atalijibu kabla hujamaliza kuuliza, kwa hiyo ukilisikia mahali usimjadili sana aliyelileta.

Wala siyadharau maswali ya kukumbuka. Wazungu huyaita trivia, kutoka Kilatini trivium, yaani njia panda ya barabara tatu. Kitu cha njia panda kilikuwa cha kila mpita njia, cha kawaida. Mchezo wenyewe kama tunavyoujua ulivuma kutoka Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwaka 1965, pale wanafunzi wawili, Ed Goodgold na Dan Carlinsky, walipousambaza. Walikuwa wakiulizana nini? Vipindi vya redio na katuni za utotoni mwao. Utamu ulikuwa palepale, kwenye kushtuka kwamba kitu ulichodhani kimepotea miaka mingi bado kimo kichwani, na aliye mbele yako anacho pia. Ndiyo maana maswali ya vyakula, minara, nyimbo na wanyama huwafanya watu wazima wapige kelele kama watoto. Mimi mwenyewe hupiga.

Basi niite tu, nitakuja mbio. Sema "maarifa ya jumla", au "nani anakumbuka", yote sawa. Na ukiniuliza tena mwaka wa Eiffel nitakujibu 1889, ila bongo zangu zitakuwa baridi vilevile.