Mizani imetimia, mkazo umepotea

Nilianza kuimba kwaya nikiwa mtoto wa miaka 9, katika kanisa la Kilutheri kwenye miteremko ya Kilimanjaro, nikiwa nimesimama mstari wa mbele pamoja na soprano kwa sababu sauti yangu ilikuwa bado haijavunjika. Tangu hapo nimepita alto, nikakaa kwenye sauti ya tena (tenor) kwa miaka mingi, na sasa ninaimba besi pale ninapokuwa sifundishi. Watu huniuliza ni kitu gani kinachomfanya mtu mzima aache chakula cha jioni, siku mbili kila wiki, akafanye mazoezi ya wimbo mmoja kwa saa mbili. Ningeweza kutaja utamu wa sauti nne zinapokutana, na jibu hilo lingekuwa la kweli, lakini kilichonishika mimi hasa ni ugomvi wa zamani kati ya neno la Kiswahili na tuni lililowekewa, na nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu nikijaribu kuusuluhisha.

Kila mzungumzaji wa Kiswahili, hata asiyejua sarufi, huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: BWA-na, ka-RI-bu, m-ko-MBO-zi. Maneno machache tu hukiuka utaratibu huo, na walimu hupenda kulitaja neno barabara, ambalo huwa njia ya magari likitamkwa ba-ra-BA-ra, na huwa na maana ya sawasawa likitamkwa ba-RA-ba-ra. Kwa hiyo mkazo si pambo la usemi, maana ukihama msikilizaji hulazimika kusimama na kulitafuta upya neno alilolisikia.

Sasa chukua mstari niliouunda kwa ajili ya maelezo haya tu: "Bwana yu karibu nami." Una mizani 8, na ukiusoma kwa kawaida unapanda na kushuka wenyewe: BWA-na YU ka-RI-bu NA-mi. Ukiwekwa kwenye tuni linaloanza na mpigo mzito, hakuna tatizo lolote. Hata hivyo, nyimbo nyingi zilizoletwa na wamisionari kutoka Ujerumani na Uingereza (kwetu Kilimanjaro walikuwa wa misheni ya Leipzig ya Ujerumani, walioanza kazi huko mwaka 1893) huanza na noti nyepesi kabla ya mpigo mzito, kwa sababu mistari ya lugha hizo mara nyingi huanza na silabi isiyo na mkazo na kuishia kwenye silabi yenye mkazo. Ukiuweka mstari wetu kwenye tuni la namna hiyo, unapata bwa-NA yu-KA ri-BU na-MI. Mizani imetimia, hakuna silabi iliyobaki wala iliyopungua, lakini kila neno limepinduliwa kichwa chini.

Siwalaumu waliofasiri. Katika ushairi wetu kinachohesabiwa ni mizani, na kina huangaliwa kwenye silabi ya mwisho, kwa hiyo mtu aliyelelewa na mashairi akihesabu silabi 8 juu ya noti 8 ana haki ya kuamini kwamba amemaliza kazi. Kosa haliwi kwenye hesabu, bali husikika kinywani.

Mimi nililisikia kwa aibu. Nikiwa kijana wa sauti ya tena, tulishiriki mashindano ya kwaya, tukaimba kwa nguvu zote wimbo ambao kila mstari wake uliishia kwenye noti ya juu na ndefu, nasi tukaipiga noti hiyo kama watu wanaopasua kuni. Jaji alitusifu kwa umoja wa sauti, kisha akasema kwamba hakuweza kuelewa tulikuwa tunaimba nini. Nilikasirika kwa wiki nzima. Baadaye nilichukua karatasi ya nota na kuusoma wimbo ule polepole, nikagundua kwamba tulikuwa tunapaza silabi ambazo Mswahili yeyote huzishusha.

Karatasi ile ilikuwa ya sol-fa, yaani nota zinazoandikwa kwa herufi, kama zilivyo karatasi nyingi za kwaya zetu hadi leo. Mfumo huo ulianzishwa na Mwingereza Sarah Glover, ukaendelezwa na John Curwen katika karne ya 19, na ukasambazwa na wamisionari kwa sababu ni rahisi kuuandika ubaoni na kuunakili kwa mkono. Tatizo ni kwamba wanakwaya hukariri herufi, d, r, m, f, wakasahau alama zilizo katikati yake. Nukta mbili hutenganisha mipigo, na mstari wa wima husimama mbele ya mpigo mzito. Mimi huwaambia wanafunzi wangu waanze kwa kuitafuta mistari ya wima, waipigie duara silabi inayoufuata kila mmoja, kisha waseme maneno yale bila tuni. Duara likiangukia mahali pabaya, hucheka wenyewe.

Dawa ninayoitumia mara nyingi ni kuongeza silabi nyepesi mwanzoni. "Ee Bwana, u karibu nami" hukaa vizuri kwenye tuni lilelile lililotushinda: ee BWA-na U ka-RI-bu NA-mi. Silabi sasa ni 9, kwa hiyo noti ya mwisho lazima igawanywe mara mbili, "na" ichukue mpigo mzito na "mi" ifuate kwa upole. Nadhani hii ni sababu mojawapo ya nyimbo zetu kupenda sana kuanza na "Ee", ingawa wahubiri watakupa sababu nyingine. Pale tuni lisipogawanyika, huwaomba waimbaji waiguse silabi ya mwisho na kuiachia, hata kama imeandikwa ndefu.

Shida ndogo lakini sugu ni ile m inayojitegemea. Neno "mtu" lina silabi mbili, na mkazo uko kwenye m yenyewe, kwa hiyo noti yake huimbwa midomo ikiwa imefungwa, kwa mvumo. Waimbaji wengi huogopa noti isiyo na irabu wakaimba "umtu" au "mutu."

Mambo hubadilika maneno na tuni vinapokuwa vya huku kwetu. Mwaka 1966 mchungaji Bernard Kyamanywa aliandika maneno ya Kiswahili ya wimbo wa Pasaka "Mfurahini, Haleluya" kwa tuni la Kihaya, na wimbo huo sasa umo hata katika vitabu vya nyimbo vya Walutheri wa Marekani. Ninapoufundisha sihitaji kuchora duara lolote.

Wiki hii tunaandaa wimbo wa mavuno, tuni la Kijerumani, beti nne. Nimekwisha kuzirekebisha tatu. Ubeti wa nne una neno "mkombozi" kwenye noti tatu tu, na mama mmoja wa alto, aliyeniacha mbali kwa miaka ya kuimba, amenikataza katakata nisilibadilishe neno hilo. Jana aliniimbia mwenyewe namna anavyoibana ile m ndani ya noti ya kwanza kabla ya "ko", haraka, bila kuipoteza. Nilimwomba arudie mara tatu, kisha nikaifuta penseli yangu.